Wazishi wa Kitalu cha Tumbaku

Mihayo, mwanangu,

Sikuandikii "natumaini hujambo", maana asubuhi umemaliza viazi vyote vya kwenye sufuria huku ukisema huna hamu ya kula. Sasa umekwenda kanisani kufanya mazoezi na wenzako wa tarumbeta, nami nimetoa kiti nje, nimekiweka penye jua kali, na goti langu ndiyo meza. Nawasikia mkipuliza kutoka hapa, na mmoja wenu anakosea pale pale kila mkirudia. Naandika mchana kwa sababu jua likishuka kidogo tu mistari inaanza kuingiana, na usiku sioni hata mkono ulioshika kalamu. Ndiyo maana herufi ni kubwa kama za mtoto wa chekechea. Usicheke.

Kwanza habari ya begi. Jumapili uliporudi ibadani ulilifungua, ukatundika mashati yako yote msumarini, ukaniambia, "Mama, siendi." Ulisema kwa sauti ile ya marehemu baba yako, sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Mimi nilijifanya nachagua mchele. Usiku nililia, na ukanisikia, maana ulikohoa upande wa pili wa ukuta. Ulidhani nalia kwa huzuni. Mwanangu, nililia kwa furaha. Nilimshukuru Mungu kwamba unabaki, kwamba kuna mtu atanishika mkono nikienda kisimani, kwamba Morogoro na chuo chake wamekukosa. Asubuhi nilipoikumbuka furaha ile, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku daktari aliponiambia habari ya macho.

Kwa hiyo leo nimelifunga tena begi, kwa kupapasa. Kama kuna soksi zisizofanana, waambie wenzako huko ndiyo fasheni ya Kaliua. Barua hii nitaiweka juu ya mashati ili uione kabla hujayatundika tena.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za marafiki wabaya. Hayo mama mdogo wako Kabula atakueleza mpaka masikio yaume. Mimi nataka kukuandikia habari za vile vidudu vyako.

Unakikumbuka kile kitalu? Ulikuwa bado shule ya msingi. Miche ya tumbaku ilikuwa imeota vizuri, imeziba udongo wote, kisha ikaanza kuanguka. Shina linaoza pale linapogusana na udongo, mche unalala ubavu, na kesho yake jirani yake naye amelala. Nikapiga magoti kuangalia, enzi hizo macho bado yananitii, nikaona vitone vyeupe na vya kijivu vinarukaruka katikati ya miche iliyokufa. Nikasema, leo nimewapata wezi. Nikachukua bomba la dawa nikalivaa mgongoni.

Wewe ulikuwa na kile kioo cha kukuzia alichokuazima mwalimu wako wa sayansi, ulikuwa unalala nacho. Ulitangulia ukapiga magoti kitaluni, ukatandaza mikono juu ya miche.

"Toka hapo, dawa hii haichagui mtu."

"Mama, hawa hawajaua. Hawa ni wazishi. Miche imeuawa na ukungu, hawa wamekuja kuula huo ukungu na hayo yaliyooza. Ukimkuta mtu na jembe makaburini, utasema ndiye aliyeua?"

Nilikuvuta kwa mkono nikakutupa pembeni, nikapuliza. Miche iliendelea kufa vile vile, ila sasa haikuwa na wa kuizika. Aliyeiua nilikuwa mimi. Nilimwagilia asubuhi na jioni kwa pupa ya kutaka ikue upesi, nikaifunika kwa nyasi nene mpaka hewa ikakosa njia, na ukungu ukapata nyumba. Hukuniambia "nilikwambia". Jioni ukaniletea maji ya kunawa. Tangu siku hiyo vidudu vile nikaviita wazishi, ingawa wewe ulikuwa na jina lao la kitabuni, mikia-fyatuo, na ulichukia nilipolikosea.

Mwaka uliofuata ukaniibia chujio la chai. Nakumbuka vizuri kwa sababu tulikunywa chai yenye majani wiki nzima, nami namshutumu Kabula wa watu. Kumbe umekata chupa ya maji, umeigeuza kichwa chini, umeweka chujio langu ndani yake na juu ya chujio umejaza udongo wa chini ya miti pamoja na majani yaliyooza. Juu yake ukaning'iniza taa. Chini umeweka kikombe, kikombe changu pia. Nikakuuliza mganga gani amekufundisha mambo hayo. Ukasema, "Mama, hawa hawana ngozi ya kuvumilia ukavu. Hawapumui kwa pua, wanapumua kwa ngozi hiyo hiyo, na ikikauka wamekufa. Taa ikiwaka juu, udongo unakauka kuanzia juu, wao wanakimbilia chini kwenye unyevu, wanashuka na kushuka, mwisho wanadondoka kikombeni."

Tulikaa pale tukingoja. Sijui kama unajua jinsi nilivyokuwa na raha. Baba yako alikuwa amezikwa si muda mrefu, na nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikujua niuweke wapi. Wewe ukawa unanisomea kikombe. Huyu ana miguu sita. Huyu hana mabawa na hatakuwa nayo kamwe, na mama yake hakuwa nayo, na huko nyuma kabisa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuruka kwa mabawa. Huyu ana vipapasio kichwani, ndivyo vinavyomwambia njia. Chini ya tumbo ana kijibomba ambacho anakigandisha kwenye udongo kunywea maji, nikasema, "Anakunywa kwa tumbo? Huyo ni ndugu yake babu yako." Ukacheka mpaka ukamwaga kikombe, na tukaanza upya.

Ukanieleza pia kwamba hawaachi kujivua ngozi. Wadudu wengine wakishakua basi, lakini hawa hata akiwa mzee ana watoto bado anavua ngozi ya zamani na kuvaa mpya. Nikasema natamani. Ukasema, "Lakini mama, kila akivua anakuwa mlegevu kwanza, hawezi kukimbia, mpaka mpya ikaze." Hilo nimelikumbuka sana miezi hii.

Na ule mkia. Ulinichorea mavumbini kwa kijiti. Uma wenye ncha mbili, umekunjwa kwenda mbele chini ya tumbo, na kuna kishikizo kidogo kinachoushika usifunguke. Akitishwa, kishikizo kinaachia, mkia unapiga chini, naye huyo, amekwenda juu mara nyingi zaidi ya urefu wake. Nikakuuliza, "Anajuaje atatua wapi?"

"Hajui, mama. Mkia haumpeleki mahali. Kazi yake ni kumtoa alipo."

Ulichimba kila mahali. Ulichimba kwenye matuta ya mahindi tulikofukia nyasi, ukawakuta wamejaa. Ulichimba kule nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ambako tulichoma kuni miaka na miaka, ukakuta majivu tu. Ulichimba hata kwenye njia ile ya zamani inayopita nyuma ya shamba kuelekea Ujiji, njia ya wapagazi, ambayo bibi yangu alisema babu zake waliipita na pembe za ndovu begani mpaka pwani na kurudi. Udongo wake umekanyagwa hadi leo jembe linaruka. Juu hukupata kitu. Chini kabisa, baada ya malengelenge mawili, ukapata wale weupe wasio na macho. Ukaja unakimbia. "Mama, hawa hawana macho kabisa! Na mkia hawana! Huko chini hakuna pa kuruka, kwa hiyo wameacha." Ukaniwekea kiganjani, ukanipa kioo, ukaniuliza, "Unamwona?"

Nikasema namwona.

Sikumwona. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kuna kitu. Niliona kiganja changu, na juu ya kiganja ukungu, kama mtu amepuliza kioo. Nikasema, "Mzuri, mweupe," kwa sababu ulikuwa umekwisha kusema ni mweupe. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, nami kuanzia hapo nilikuwa naambiwa kila siku na kila siku najibu naona. Ningekwenda kwa daktari wakati ule labda angeokoa zaidi. Ni presha ya macho, inakula pole pole kuanzia pembeni na haiumi. Nilikwenda nimechelewa, na yaliyokwisha kwenda hayarudi, matone ninayoweka ni ya kulinda haya yaliyobaki. Sikwenda kwa sababu sikutaka kukosa kikombe chako cha kila jioni. Nilifikiri ukijua sioni utaacha kunionyesha.

Na wewe nawe ulinidanganya, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Unajua mimi nilikuwa nani kwenye kuchambua tumbaku. Jani la rangi ya limau na jani la rangi ya chungwa nilikuwa nayatenga nikiwa napiga soga, na mteuzi akija kwenye ghala la chama cha ushirika kupanga madaraja alikuwa hafungui robota langu mara mbili. Msimu uliopita nilichambua kama kawaida, nikakuuliza, "Niko sawa?" Ukasema, "Uko sawa, mama." Msimu ukaisha, marobota yakapita, nikajisifu kwa Kabula kwamba mikono inakumbuka hata macho yakisahau.

Kisha msimu huu, siku moja, nilirudi kutoka kisimani mapema nikasikia majani. Tumbaku kavu ina sauti yake ikiguswa, wewe unaijua. Nilisimama nje ya bani nikakusikiliza unafungua marundo yangu, moja baada ya jingine, unachambua upya yote niliyochambua tangu asubuhi. Kitabu chako cha kemia kilikuwa kizingitini, nilikikanyaga. Ulikuwa kwenye mwaka wa mtihani. Sikuingia. Nilirudi kisimani na ndoo imejaa, nikaimwaga, nikateka tena, ili nichelewe vya kutosha umalize.

Mihayo, ulipita mtihani huo, sijui kwa neema gani. Lakini kuanzia siku hiyo nilijua tumeanza safari ambayo mimi naijua mwisho wake, kwa sababu niliwahi kuitembea.

Sijakueleza hili vizuri. Unajua tu kwamba niliacha shule nikamuuguza babu yako. Sikuacha shule, nilimaliza. Nilichaguliwa kwenda kusomea ualimu, sanduku la bati lilikuwa limefungwa, na mama yangu alikwisha tangulia mbele za haki. Baba alikuwa amepooza upande mmoja. Aliniambia, "Nenda mwanangu, Mungu yupo." Aliyasema maneno hayo akiwa ameangalia ukuta. Nilingoja ageuke. Angegeuka akaniangalia akasema nenda, ningekwenda. Hakugeuka. Nikafungua sanduku.

Watu walinisifu. Kanisani nilitajwa. Nami nilimpikia baba uji kila asubuhi kwa hasira, nikamgeuza kitandani kwa hasira, nikamwosha kwa hasira, bila neno moja baya. Naye aliijua. Mtu akikulisha kijiko kwa hasira, hata kama kijiko kimejaa asali, mdomo unajua. Alikuwa ananiambia "asante mama", akiniita mama, kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ulinizidishia chuki. Nilimpenda, usinielewe vibaya. Nilimpenda, na siku alipokufa, kabla sijalia, pumzi ndefu ilinitoka kifuani na shangazi yangu akaisikia. Hatukuizungumza kamwe. Yeye alinilia ujana wangu, mimi nikamlia uzee wake, na wote wawili tulikuwa watu wema.

Basi ndicho ninachokiogopa. Siogopi giza. Nadanganya, naogopa giza, naliogopa sana, usiku naamka nikifumbua macho na kuyafumba kuona kama kuna tofauti. Lakini ninaogopa zaidi siku utakayoniletea uji na nikausikia mkono wako. Utakuwa mpole kama ulivyo. Hutaniambia kitu. Utachambua tumbaku yangu na kusema niko sawa, na vidudu vyako hutavitaja tena, kwa sababu kuvitaja kutakuuma. Nami kwa hofu yangu nitakushukuru kila siku, na kila shukrani itakukazia kamba. Tafadhali mwanangu. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Usinifanyie wema huo.

Sikwambii kwamba nitakuwa salama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe huko mbali ukijiambia mama yuko salama utakuwa unajidanganya tu. Nitajikwaa. Nitaungua jikoni. Kabula atakuja asubuhi na jioni kuniwekea matone, na atanisema, na siku nyingine atachelewa. Tumbaku sitalima tena, nimekwisha mwambia mwenyekiti wa chama. Nitabaki na viazi na matuta ya mahindi, hayo hata kwa mikono yanalimika, unafukia nyasi, unafunika, wazishi wanafanya yaliyobaki. Nitalia, na mtu hafi kwa kulia.

Nilipopumzika kuandika hapa nilikwenda chini ya mtungi wa maji, pale panapokuwa na unyevu siku zote, nikachota udongo na majani yake, nikaumwaga juu ya mkono wangu wa kushoto, hapa ndani ya kifundo ambapo ngozi ni laini. Nikasogea juani. Sikuona kitu. Nikafumba macho yote mawili nikangoja. Udongo ulipoanza kukauka nilisikia kitu, kidogo kabisa, kama punje ya chumvi imenigonga, kisha hakipo. Labda ni mshipa wangu tu. Mimi nimeamua ni mzishi, na nimeamua alitua salama.

Ukiona alama ya matope pembeni mwa karatasi, basi ni hiyo.

Sasa sikiliza neno la mwisho, na hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo. Kesho stesheni nitakushika mkono. Tutasimama pale na Kabula, nitakuwa nimevaa kitenge changu kile kizuri, nitakuwa nazungumza sana na kucheka. Usidanganyike. Najijua. Treni ikitoka upande wa Kigoma na ardhi ikaanza kutetema, nitaogopa, na vidole vyangu vitakaza. Nitasema, "Mihayo, ngoja kwanza." Nitasema nina kizunguzungu. Naweza kusema, "Basi nenda wiki ijayo." Ninaweza hata kusema nenda, huku nimeangalia pembeni kama baba yangu.

Usimsikilize mwanamke yule. Mama yako ni huyu wa mchana, aliyekaa juani na kalamu, anayeona bado. Huyu anakwambia uende, na anakwambia akiwa amekugeukia. Wewe ndiye uliyenichorea kile kishikizo mavumbini. Kikigoma kuachia, mkia wote ule na nguvu zake zote ni bure. Nisipoachia kesho, fungua vidole vyangu kimoja kimoja. Ukiniumiza niumize. Panda.

Ukifika usiniandikie, nipigie simu. Sauti bado naiona vizuri. Na usinieleze kwamba umekula. Nieleze umechimba wapi, umekuta nini, ana macho au hana.

Jua limekwenda. Tarumbeta zimenyamaza, maana yake uko njiani unakuja. Mstari huu siuoni tena, kama umepanda juu ya mwenzake usome hivyo hivyo. Nenda, baba. Nenda.

Mama yako